Mkwaruzo Mweupe Kwenye Plastiki ya Gari, na Kwa Nini Msasa Uwe wa Mwisho

Gari linalofanya kazi Nyanda za Juu Kusini huchakaa ndani kabla ya kuchakaa nje. Noah iliyotolewa viti vya nyuma ili ibebe kreti za parachichi kutoka Rungwe, Probox inayoshusha mikungu ya ndizi Mwanjelwa kila alfajiri, gari dogo la familia lililosafirisha mbao kutoka Mafinga kwa sababu nauli ya lori ilikuwa kubwa: yote hayo, ukifungua mlango wa nyuma, utakuta plastiki za pembeni zimejaa mistari myeupe iliyokatizana, ilhali bodi ya nje inang'aa na haina hata alama moja. Mwenye gari huizoea hali hiyo hadi siku anapotaka kuliuza. Mnunuzi anafungua buti, anapitisha kidole kwenye mistari ile, anatikisa kichwa, na mazungumzo ya bei yanaanza upya.

Kazi yangu hapa jijini Mbeya ni kurekebisha sehemu za ndani za magari. Katika kazi hii, kinachonisikitisha kuliko mkwaruzo wowote ni paneli inayoletwa kwangu ikiwa imekwisha kusuguliwa msasa. Mkwaruzo ulioachwa kama ulivyo mara nyingi una dawa. Paneli iliyosuguliwa hadi nakshi yake ikafutika haina dawa rahisi, na mwenyewe hulazimika kuchagua kati ya kuipaka rangi yote au kutafuta nyingine kwa wauza vipuri vya magari yaliyochinjwa. Kwa kuwa ushauri wa msasa ndio unaotolewa kwanza karibu kila gereji, nimeona nieleze kwa kirefu jinsi plastiki hizi zilivyo na kwa nini huo ndio ushauri wa kufuatwa mwisho.

Plastiki nyingi za ndani ya gari hazikuachwa laini zilipotoka kiwandani. Ukizitazama kwa karibu, hasa jua likiwa pembeni, utaona vipele na mifereji midogo inayoiga ngozi ya mnyama. Nakshi hiyo ilichorwa kwa tindikali ndani ya kalibu ya chuma, na plastiki iliyoyeyuka ilipobanwa humo kwa nguvu ikaichukua kama ilivyo. Kazi yake si pambo peke yake. Nakshi huvunja mwanga ukarudi kila upande, ndiyo sababu dashibodi haimuliki machoni mwa dereva saa sita mchana. Kitu kigumu kinapopita juu yake, vilele vya vipele hulala au hukatika, na papo hapo ndani ya ngozi ya plastiki hufunguka nyufa na vishimo vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Vishimo hivyo ndivyo vinavyotawanya mwanga na kuufanya mstari uonekane mweupe, hata kama plastiki yenyewe ni nyeusi tii hadi ndani. Zaidi ya hayo, paneli nyingi zimechanganywa na unga wa talki ili ziwe imara na zisijikunje, na talki ni madini meupe. Mkwaruzo unapoifunua, weupe unazidi.

Kwa hiyo mtu anayesema kwamba mkwaruzo ule umechimba sana anaweza kuwa anakosea kabisa. Mkwaruzo mweupe sana unaweza kuwa wa juujuu, na ulio mweusi usioonekana vizuri unaweza kuwa ndio uliokula nyama ya plastiki. Jicho linasoma tofauti ya namna mwanga unavyorudi kati ya sehemu iliyoguswa na jirani yake, na fundi anayelielewa hilo hatafuti kuufuta mkwaruzo bali kuirudisha sehemu ile katika hali ya kuupokea mwanga sawa na jirani yake. Msasa unafanya kinyume chake. Unaondoa mkwaruzo mmoja mwembamba na kuacha kiraka kipana kisicho na nakshi, ambacho mwanga unarudi kutoka kwake kwa namna nyingine kabisa, na kiraka hicho huonekana hata na mtu aliyesimama nje ya gari.

Kipimo ninachoanza nacho ni cha bure. Ninalowesha kidole kwa maji na kukipitisha juu ya mstari mweupe. Ukitoweka au kufifia sana ukiwa na unyevu, halafu ukarudi pale maji yanapokauka, najua kwamba tatizo ni vile vishimo vya hewa vinavyotawanya mwanga, na joto litaweza kuvifunga. Usipobadilika, basi ama nyama imeondoka, ama paneli ile ilikuwa na tabaka la rangi juu yake na mkwaruzo umelifikia tabaka la chini. Hilo la mwisho ni la kawaida kwenye paneli za rangi ya fedha zinazozunguka gia na redio, na hapo joto halina msaada wowote.

Kipimo hicho hicho kinaeleza hila moja ya sokoni. Mafuta ya taa, mafuta ya kula, mafuta ya kujipaka na dawa za kung'arisha dashibodi huufanya mkwaruzo upotee vizuri kuliko maji, kwa sababu mafuta hupinda mwanga karibu sawa na polipropilini yenyewe, plastiki iliyotumika kwenye paneli nyingi hizi: kwa kipimo cha kupinda mwanga (refractive index), mafuta ni takriban 1.47 na polipropilini 1.49, wakati maji ni 1.33. Mafuta yakiingia kwenye vishimo, mwanga hauoni tena mpaka kati ya hewa na plastiki, na weupe unazimika. Gari linalong'aa mno ndani siku ya kuuzwa linastahili kufutwa kwa kitambaa chenye sabuni kabla ya mnunuzi kukubaliana bei. Siwalaumu wanaopaka ili gari lipendeze siku ya harusi. Ninachokipinga ni kuyaita matengenezo, kwa kuwa baada ya muda mfupi mafuta hukauka au kufutika, na kabla hayajafutika hushika vumbi lote la barabara ya Umalila likageuka tope jembamba lisilotoka. Dawa zenye silikoni zina hasara nyingine inayojitokeza baadaye: rangi ikija kupulizwa juu yake hukimbia na kuacha vitundu vya duara, na kuisafisha silikoni ile ni kazi kubwa kuliko kupaka rangi yenyewe.

Jambo la pili kabla ya kugusa kifaa chochote ni kujua plastiki ni ipi. Watengenezaji wa magari huandika jina la plastiki nyuma ya paneli kwa herufi zilizochomoza, zikiwa kati ya alama mbili za pembe: >PP< ni polipropilini, >ABS< ni plastiki ngumu inayojulikana kwa jina hilo hilo la ABS, >PC+ABS< ni mchanganyiko wa polikaboneti na ABS, na >PVC< mara nyingi utaikuta kwenye ngozi laini ya dashibodi. Ukikuta >PP-TD20<, maana yake ni polipropilini iliyotiwa unga wa talki kwa asilimia 20. Paneli za buti, nguzo za pembeni na sehemu za chini za milango kwa kawaida ni polipropilini, na paneli za kuzunguka redio kwa kawaida ni ABS. Tofauti hii inaamua kila kitu kinachofuata. Polipropilini huyeyuka karibu na nyuzi joto 160 hadi 165 za Selsiasi na haidhuriki kwa urahisi na thina. ABS huanza kulegea karibu na nyuzi 105, na asetoni inayopatikana kwenye thina nyingi huiyeyusha kabisa. Petroli, ambayo watu wanaipenda kwa kuondolea madoa, inaweza kuipasua ABS taratibu kwenye kona zenye mkazo, na ufa unapojitokeza hakuna anayekumbuka kwamba chanzo ni kile kitambaa cha petroli.

Kuifungua paneli pia kuna wakati wake. Asubuhi za Juni na Julai, baridi ya Mbeya ikiwa imeshika, na huko Njombe na Makete hata zaidi, klipu za plastiki hukakamaa na kukatika ukizivuta. Ninaliacha gari juani hadi ndani pawe na joto, ndipo ninapoingiza kabari ya plastiki pembeni ya paneli. Bisibisi ya chuma inaacha mikwaruzo mipya mahali ambapo hapakuwa na kitu. Na kuna sehemu ambazo mtu asiye na mafunzo asizifungue wala kuzipasha moto hata kidogo: kifuniko cha usukani, upande wa abiria wa dashibodi, na nguzo zilizoandikwa kwamba zina mfuko wa hewa. Vifuniko hivyo vimetengenezwa kwa mstari dhaifu unaopasuka mfuko unapofumuka. Ukiujaza gundi, ukiuyeyusha kwa joto au ukiupaka rangi nzito, umebadilisha namna utakavyopasuka siku ya ajali, na hakuna urembo wa gari unaostahili hatari hiyo.

Niliwahi kuletewa Noah na mama mmoja anayefanya biashara ya parachichi. Paneli ya kushoto ya buti ilikuwa na rundo la mistari iliyochorwa na kona za kreti, mingine mirefu kama mkono.

“Fundi, mwanangu,” aliniuliza, “jirani yangu anasema nipige msasa nipake rangi nyeusi ya kopo. Nifanye hivyo?”

“Hapana, mama, msasa tuuache kwanza,” nilimjibu. “Lete kidole chako hapa, chovya maji, upitishe juu.”

Alipopitisha kidole, mistari karibu yote ilipotea, ikabaki miwili. Nyuma ya paneli palikuwa na maandishi ya polipropilini yenye talki. Kabla ya yote niliiosha paneli kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya maji, kwa brashi laini, kwa kuwa udongo wa Rungwe ni wa volkano na una vumbi la pumisi, ambalo ni kioo kilichosagika. Ukilifuta likiwa kavu unachora mikwaruzo mingine mamia. Ilipokauka niliifuta kwa spiriti ili mafuta yote yatoke, maana mafuta yakipashwa moto huungua na kuacha doa la manjano.

Bloa ya hewa ya moto, ile wanayotumia mafundi wa tinti, niliiweka kwenye daraja la chini na kuishika umbali wa sentimita 15 hivi. Draya ya saluni haifikii joto linalotakiwa kwa polipropilini, ingawa kwa ABS nyembamba wakati mwingine inatosha. Mkono unatakiwa kwenda na kurudi bila kusimama, ukilifunika eneo pana kuliko mstari wenyewe, ili joto lipande polepole na paneli isijikunje. Kwa muda hakuna kinachoonekana. Kisha mstari unaanza kupoteza weupe kuanzia ncha zake, unakuwa wa kijivu, na ghafla unazama kwenye weusi wa paneli, kwa sababu plastiki iliyolegea imevifunga vile vishimo na kingo zilizoinuka zimerudi kiasi mahali pake. Hapo ndipo pa kuwa macho. Uso wa plastiki ukianza kuonyesha unyevunyevu wa kung'aa, nakshi imeanza kuyeyuka, na bloa iondolewe sekunde ile ile. Ukichelewa, utabadilisha mstari mweupe kwa kiraka kinachong'aa, na kiraka hicho hakirudi nyuma. Baada ya hapo paneli iachwe ipoe yenyewe. Usiiguse, kwa kuwa kidole kitaacha chapa yake, na usiimwagie maji ya baridi, kwa kuwa itajipinda.

Mama aliposogea na kuona mistari imekwisha, alisema “Ndaga fijo” (asante sana, kwa Kinyakyusa) mara mbili na kuishika paneli kwa viganja vyote viwili. Ile mistari miwili iliyokaidi maji ilikaidi na joto pia, na ndiyo iliyochukua sehemu kubwa ya kazi.

Mkwaruzo uliokula nyama una kingo, na kingo hizo zikiachwa zinashika vumbi na kuonekana hata baada ya weupe kuondoka. Ninazikata kwa wembe mpya uliolazwa karibu sambamba na paneli, nikisukuma kwa urefu wa mstari, hadi kidole kisikwame. Wembe unakata kilichochomoza tu na hauigusi nakshi ya jirani. Mfereji wenyewe, kama una kina, hujazwa kwa plastiki ya aina ile ile, iliyochongwa vipande vyembamba kutoka ukingo wa nyuma wa paneli ambako hakuna anayepaona, kisha ikayeyushwa ndani ya mfereji kwa ncha ya chuma cha kulehemu kisicho moto kupita kiasi. Polipropilini hushikana na polipropilini, na ABS na ABS. Ukizichanganya, kijazo kitabanduka chenyewe. Gundi zile za haraka za kwenye tyubu ndogo hazishiki vizuri juu ya polipropilini, na kwa hilo simshauri mtu kuzijaribu.

Baada ya kujaza, sehemu ile ni laini na inajitangaza. Hapa ndipo ninapotumia njia ninayoipenda kuliko zote katika kazi hii, ya kuichukua nakshi kutoka sehemu nzima na kuigonga kwenye sehemu iliyoharibika. Ninapaka maji ya sabuni kidogo kwenye sehemu safi ya paneli ile ile na kuyaacha yakauke, kisha ninatandaza juu yake silikoni ya kuzibia vioo, unene wa milimita 2 au 3, na kuiacha hadi kesho yake. Ikishakauka hubanduka kama karatasi ya raba, na upande wake wa chini una kila kipele na kila mfereji kwa kinyume. Sehemu iliyojazwa inapashwa moto hadi ianze ule mng'ao, safari hii kwa makusudi, na raba inakandamizwa juu yake kwa kipande cha ubao hadi plastiki ipoe. Silikoni huvumilia joto hilo bila shida. Ukiibandua, nakshi imehamia. Mwelekeo wa nakshi uangaliwe kabla ya kukandamiza, kwa sababu nyingi zina upande, na ukiigeuza robo duara itaonekana.

Rangi huja pale ambapo njia hizi zimeshindwa au pale ambapo mtu alikwisha kupiga msasa. Polipropilini haipendi kushikwa na kitu chochote. Tone la maji juu yake hujikusanya na kuteleza, na rangi nayo hufanya vivyo hivyo. Inahitaji praima ya plastiki ya kushikisha, na wengi huiruka kwa sababu haionekani, ikikauka ni kama hujapaka kitu. Rangi iliyopulizwa bila praima hiyo hubanduka kwa ukucha. Baada ya praima, rangi isiyong'aa inapulizwa kwa tabaka nyembamba sana kwa umbali, kila moja ikisubiriwa kukauka, maana tabaka nene hujaza nakshi na kurudisha tatizo la mng'ao kwa mlango mwingine. Na paneli ipakwe yote kutoka kona hadi kona. Kiraka cha rangi katikati ya paneli hakijifichi, hata rangi ikiwa ile ile, kwa kuwa plastiki ya zamani imekwisha kubadilika kwa jua.

Jua la huku lina nguvu kuliko baridi yetu inavyowafanya watu wadhani. Jiji la Mbeya liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kioo cha mbele kina matabaka mawili yenye utando wa plastiki katikati unaozuia karibu mionzi hiyo yote, lakini vioo vya pembeni na vya nyuma kwa kawaida ni tabaka moja na hupitisha sehemu kubwa yake. Kwa hiyo plastiki ya buti na ya juu ya milango ndiyo inayozeeka mapema: inapauka, inakauka, na wakati mwingine inaacha unga kidoleni. Plastiki iliyofikia hapo haipokei joto kama ile nzima. Mkwaruzo hufifia nusu, au uso hupasuka vipande vidogo. Ndiyo maana kila paneli ninaijaribu kwanza mahali palipojificha.

Zipo paneli ambazo msasa ni halali kwao, nazo ni zile nyeusi zinazong'aa kama kioo, zisizo na nakshi yoyote ya kupoteza. Mikwaruzo yake midogo ya duara hutokana na vitambaa vikavu. Msasa wa maji wa namba 2000, kisha 3000, kisha dawa ya kung'arishia plastiki kwa kitambaa laini, hurudisha uso wake, mradi hakuna tabaka la rangi lililo jembamba juu yake na mkono usiwe mzito.

Kwa wanaobeba mizigo, kinga ni rahisi kuliko yote niliyoyaeleza. Kata vipande vya zulia kuukuu kwa umbo la paneli za buti, hadi usawa wa madirisha, na uso wa zulia uelekee kwenye plastiki, kisha uvifunge kwa kamba kwenye kulabu zilizomo tayari, si kwa skrubu. Vitolewe na kukung'utwa kila baada ya safari za vumbi, kwa sababu mchanga ukinaswa kati ya zulia na paneli utasugua muda wote gari linapotembea. Kreti zipangwe zikiwa zimebanana katikati, na nafasi inayobaki pembeni ijazwe magunia matupu. Kreti inayocheza kwenye kona za mteremko wa kwenda Kyela ndiyo inayochora ile mistari mirefu.